Doa Lililodhaniwa Kosa

Miaka ya 1950, katika hospitali kuu ya mji wa New Haven, Marekani, kulikuwa na aina ya mgonjwa aliyewanyima madaktari usingizi. Homa yake haikuwa ya kutisha, lakini haikuondoka. Ilipanda jioni, ikashuka alfajiri na jasho la kulowesha mashuka, ikarudi tena kesho yake, wiki baada ya wiki, huku mwili ukimwisha. Damu, mkojo na makohozi vilikwisha kupimwa. Kifua kilikwisha kupigwa eksirei. Mikono ya madaktari kadhaa ilikwisha kubonyeza tumbo kutafuta ini lililovimba au wengu uliokua. Kila aliyemwona akatoka na maneno yale yale: chanzo hakijulikani. Paul Beeson, mkuu wa idara ya tiba katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwenzake kijana Robert Petersdorf, waliamua kuwafuatilia wagonjwa 100 wa namna hii hadi mwisho wa habari yao. Walipochapisha matokeo mwaka 1961, waliweka masharti matatu ambayo madaktari wanayataja hadi leo: ugonjwa uwe umezidi wiki 3, joto liwe limevuka nyuzi 38.3 mara kadhaa, na uchunguzi wa wiki nzima wodini uwe umeshindwa kutoa jibu.

Ukiisoma taarifa yao sasa, jicho linanasa kwenye zana walizokuwa nazo. Chombo chenye nguvu kuliko vyote kilikuwa kisu. Vipimo vilipokwisha na homa ikabaki, mgonjwa alilazwa mezani akafunguliwa tumbo, na shabaha haikuwa kutibu chochote. Shabaha ilikuwa kutazama. Mpasuaji aliingiza mkono, akapapasa ini, akafuata mshipa mkuu wa damu mgongoni kutafuta tezi zilizovimba, akakata kinyama hapa na pale kwa ajili ya maabara, kisha akashona. Mara nyingine alikuta jipu chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, au saratani ya tezi, na mgonjwa akapona au angalau akajua kinachomuua. Mara nyingine hakukuta kitu, na mgonjwa aliyekwisha kudhoofika akabaki na kidonda kirefu juu ya homa yake. Katika wale 100, maambukizi yalikuwa chanzo kwa 36, kifua kikuu kikiwa mbele, na saratani kwa 19. Waliobaki waligawana magonjwa ya kinga na mengine mengi madogo madogo. Wagonjwa 7 hawakupata jibu lolote.

Kisu hicho leo kimewekwa kando kwa sehemu kubwa, na nafasi yake imechukuliwa na picha. Inavyosimuliwa kwa kawaida, utadhani wahandisi waliona shida ya homa wakakaa chini kuitengenezea mashine. Haikuwa hivyo. Mashine zinazotafuta homa leo karibu zote zilibuniwa kwa ajili ya ubongo au saratani. Zilimfikia mgonjwa wa homa kwa sababu picha za mashine hizo zilitoa madoa pasipotakiwa, na wakawapo watu wachache walioona kwamba doa lile lilikuwa na habari.

Kwanza kuna jambo ambalo lugha yetu wenyewe hutusahaulisha. Katika Kiswahili cha kila siku homa ni ugonjwa. Mtu hushikwa na homa, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki neno hilo likitamkwa peke yake msikilizaji anaelewa malaria. Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo mpaka katikati ya karne ya 19. Aliyebadilisha fikra hiyo ni Carl Wunderlich wa Leipzig, ambaye mwaka 1868 alitoa kitabu kilichotokana na vipimo vya joto vya wagonjwa wapatao 25,000. Kipimajoto cha wakati ule kilikuwa kirefu karibu futi moja, na kilimlazimu mgonjwa akibane kwapani robo saa au zaidi. Kwa subira hiyo Wunderlich alionyesha kwamba joto lina mapito yake, linapanda na kushuka kwa namna tofauti katika maradhi tofauti, na kwamba homa ni dalili. Ukishakubali kuwa ni dalili, huna budi kuuliza ni dalili ya nini, na inatoka wapi. Maswali haya mawili ni tofauti. Maabara hujibu la kwanza vizuri: hiki ni kimelea cha malaria, hiki ni kijidudu cha homa ya matumbo. La pili liliachiwa mikono na kisu.

Beeson huyo huyo ndiye aliyekuwa ametoa ufunguo wa swali la pili, kabla hata ya kazi ya New Haven. Kwa majaribio ya sungura alionyesha kwamba chembe nyeupe za damu zenyewe hutoa kitu kinachopandisha joto la mwili. Maana yake ni kubwa. Mtu mwenye homa anaumwa kichwa, viungo, mgongo, mwili wote unawaka, naye hawezi kunyoosha kidole aseme tatizo liko hapa. Hata hivyo, katika homa nyingi za muda mrefu kuna mahali, pengine padogo kuliko punje ya haragwe, ambapo chembe nyeupe zimejaa zikipigana, na ni kutoka hapo ndipo amri ya kupandisha joto hupelekwa kwenye ubongo. Kama ingewezekana kuona mahali chembe zinapokusanyika, homa ingekuwa na anwani.

Eksirei haikuweza kazi hiyo. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi yake mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na baada ya muda mfupi tu madaktari walikuwa wakitazama mifupa na mapafu ya watu walio hai. Kwa kifua kikuu cha mapafu ilikuwa neema. Lakini tumboni eksirei huona ukungu: ini, damu, utumbo na usaha vyote hutoa kivuli kinachofanana. Ukungu huo ulianza kupasuka tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, mgonjwa wa kwanza alipoingizwa kichwa katika mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Hesabu za kujenga picha ya kipande cha mwili kutokana na miale inayopita pande zote zilikuwa pia zimefikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, tangu alipofanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kilichotafutwa Wimbledon kilikuwa uvimbe wa ubongo. Mashine zilipopanuliwa kupokea mwili mzima, jipu lililojificha chini ya kiwambo likaonekana bila mtu kupasuliwa, na ule upasuaji wa kutazama ukaanza kuwa historia.

CT ina mpaka wake, na ndio unaotupeleka kwenye kiini cha jambo. Picha yake ni ya umbo. Huona kitu kilichokua, kilichohama, kilichooza au kilichojaa maji. Ukuta wa mshipa wa damu unaoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe unaweza kuwa na unene ule ule wa jana huku ndani yake kumewaka. Tezi yenye kifua kikuu inaweza kuwa bado ndogo. Daktari anasoma picha safi, anaandika kwamba hakuna kasoro, na jioni kipimajoto kinasoma 39.

Njia nyingine ilikwisha kuanza kwenye mmea wa maharagwe. Mwaka 1923 George de Hevesy, Mhungari aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen, aliinywesha mimea hiyo maji yenye risasi inayotoa mionzi, kisha akapima risasi imefika wapi: kiasi gani mizizini, kiasi gani kwenye shina na majani. Fikra yake ilikuwa kwamba ukitia alama ndani ya kitu ambacho mwili hukichukua, utajua mwili unakipeleka wapi. Huhitaji kuona umbo. Unaona kazi inayofanyika. Kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943, na juu ya wazo hilo moja ilijengwa tiba yote ya nyuklia.

Mwaka 1969, Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, watafiti Edwards na Hayes walimpa mgonjwa wa saratani ya Hodgkin kiasi kidogo cha galiamu-67. Walitarajia mifupa. Zikang'aa tezi zenye saratani, na habari ikaenea kwamba kimepatikana kipimo cha uvimbe. Baada ya miaka miwili ikaonekana kwamba galiamu hukusanyika pia kwenye majipu na mahali palipovimba kwa maambukizi. Mtaalamu wa saratani alikuwa na haki ya kuudhika, kwa maana kipimo kinachochanganya usaha na saratani kitampeleka mgonjwa kwenye tiba isiyo yake. Kwa daktari wa homa, kilekile kilichoudhi kilikuwa ndicho kitu alichokuwa akikitamani tangu siku za Beeson. Galiamu ikawa kipimo cha homa kwa kuasiliwa. Haikuwa starehe. Mgonjwa alidungwa leo akapigwa picha baada ya siku mbili au tatu, na kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya utumbo, alipewa dawa ya kuharisha ili matumbo yasing'ae yakafunika jipu.

Huko Hammersmith, London, katikati ya miaka ya 1970, Mathew Thakur na wenzake waliijaribu njia iliyonyooka zaidi. Damu ya mgonjwa ilitolewa, chembe nyeupe zikatengwa kwa uangalifu, zikatiwa alama ya indiamu-111, zikarudishwa mwilini mwake. Siku ya pili kamera ilitazama askari hao wamekwenda wapi. Ni kazi nzuri kabisa, na kwa jipu bichi au mfupa uliooza haina mfano. Lakini ni maabara chache zenye mikono ya kutenga chembe hai bila kuziumiza, na homa iliyodumu miezi mara nyingi haivutii tena chembe zilezile zinazokimbilia usaha. Katika vita vikuukuu kuna chembe za aina nyingine, zilizokwisha kuweka kambi, wala hazitoki kwenye damu ya leo asubuhi.

Kilichoziona chembe hizo kilikuwa sukari. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, wakiongozwa na Josef Pacák, walitengeneza glukosi ambayo sehemu yake moja imebadilishwa na florini. Hawakuwa na mgonjwa yeyote akilini. Miaka michache baadaye, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, Tatsuo Ido kutoka Japani, pamoja na Alfred Wolf na Joanna Fowler, waliitengeneza upya kwa florini-18, ambayo hutoa mionzi na hupungua nusu kila dakika 110. Shabaha yao ilikuwa ubongo, kiungo kinachokula sukari kuliko kiasi chake. Agosti 1976 dozi ilipakiwa kwenye ndege ndogo kutoka Brookhaven kwenda Philadelphia, saa ikienda mbio dhidi yake, na Abass Alavi akawadunga watu wawili waliojitolea. Hakuna anayesimulia kwamba homa ilitajwa siku hiyo.

Namna sukari hii inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Seli haitofautishi glukosi ya kweli na hii ya florini mlangoni, kwa hiyo huiruhusu iingie. Ndani, hatua ya kwanza ya kuvunja sukari huifanyia hii nayo, kuitia kibandiko cha fosfeti. Hatua ya pili inashindikana, kwa sababu florini imekaa mahali pabaya. Sasa haiwezi kuvunjwa wala kutoka. Kila seli yenye njaa inajikuta imejaza ghala la sukari iliyokwama, na kamera ya PET huhesabu mionzi kutoka ghala hizo. Mgonjwa hukaa bila kula saa 6 au zaidi, hudungwa, kisha hulala kimya kama saa moja bila hata kuzungumza, kwa sababu msuli unaofanya kazi nao hula. Kwenye picha ubongo huwaka daima, na kibofu huwaka kwa mkojo. Kingine kinachowaka inabidi kielezwe.

Saratani hula sukari kwa pupa. Jambo hilo Otto Warburg alilionyesha Berlin miaka ya 1920, na ndilo lililoifanya PET kuwa mashine ya saratani kuanzia miaka ya 1980. Hapo likarudi tatizo la galiamu. Mwaka 1989 ilitolewa taarifa ya majipu ya tumbo yaliyong'aa kama uvimbe mbaya. Kifua kikuu kiling'aa. Ugonjwa wa sarkoidosi uling'aa. Katika vitabu vya saratani mambo hayo yaliwekwa kwenye orodha ya majibu ya uongo, mitego ya kukwepwa. Kisha mwaka 1992, Sendai, Japani, Roko Kubota na wenzake, akiwamo yule yule Tatsuo Ido, walikata vinyama vya uvimbe wa panya vipande vyembamba na kutazama kwa hadubini sukari imeingia seli zipi. Walikuta kwamba chembe za ulinzi zilizouzunguka uvimbe, zile zinazomeza na kusafisha, zilikuwa zimechukua sukari nyingi kuliko seli za saratani zenyewe. Kwa hiyo doa halikuwa la uongo. Lilikuwa likisema ukweli kuhusu seli ambazo muulizaji hakuziuliza. Nazo ni jamaa ya zile ambazo Beeson aliona zikitoa kitu kinachopandisha joto. Chanzo cha homa na chanzo cha mwanga kwenye picha vilikutana mahali pamoja.

Waliochukua hatua iliyofuata walikuwa madaktari wa magonjwa ya ndani wa Leuven, Ubelgiji. Daniel Blockmans na wenzake waliwatazama wazee waliokuwa na homa ndogo, uchovu, kukonda na damu inayoonyesha uvimbe mkali, bila maumivu ya kichwa wala kupoteza macho ambavyo vingewaelekeza kwenye ugonjwa wa mishipa. CT zao zilikuwa kimya. Picha ya PET ilionyesha upinde wa mshipa mkuu ukiwaka kuanzia juu ya moyo, mwanga ukifuata matawi hadi mabegani kama mto na vijito vyake usiku. Palepale mgonjwa aliyezunguka miezi kadhaa alipata jina la ugonjwa na tiba yake. Mwaka 2001 kundi hilo lilitoa taarifa ya wagonjwa 58 wa homa isiyojulikana chanzo. Picha ilisaidia kupata jibu kwa wagonjwa wapatao wawili katika kila watano. Kufikia wakati huo David Townsend na Ronald Nutt walikwisha kuunganisha PET na CT kuwa mashine moja, mfano wake wa kwanza ukiwa Pittsburgh mwaka 1998, hata doa likapata ramani: hili si mahali fulani tumboni, hili ni tezi ya kushoto ya figo.

Hapa msomaji makini ana pingamizi, na ni zito. Mwaka 1961, kwa mikono na kisu, wagonjwa 7 kati ya 100 walikosa jibu. Mwaka 2007, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, wakiwa na CT, PET na maabara ambayo Beeson hakuiota, walichapisha habari za wagonjwa 73, na nusu yao, asilimia 51, walibaki bila jibu. Ikiwa mashine ni nzuri hivyo, mbona tunajua kidogo zaidi? Jibu liko mlangoni, kabla mgonjwa hajaitwa wa homa isiyojulikana. Jipu la ini ambalo mwaka 1955 lingefikisha wiki ya nne bila kuonekana, leo hukutwa siku ya pili kwa ultrasaundi, na mgonjwa huyo haingii tena kwenye hesabu. Ungo umekuwa na matundu madogo zaidi, na kinachobaki juu yake ni kigumu kuliko zamani. Tena wanaokosa jibu leo si wale wa jana. Leuven waliwafuatilia wagonjwa 61 walioruhusiwa kwenda nyumbani bila jina la ugonjwa, na wengi wao homa iliondoka yenyewe. Huko nyuma kukosa jibu mara nyingi kulimaanisha kwamba kitu cha kuua kimejificha. Sasa mara nyingi kunamaanisha kwamba hicho cha kuua kimetafutwa na hakipo, na daktari anaweza kumwambia mgonjwa asubiri, akiwa na sababu ya kusema hivyo. Picha iliyo safi nayo ni matokeo, ingawa katika hesabu za watafiti mara nyingi haikupewa nafasi yake.

Pingamizi la pili ni la madhara. Kipimo kinachoona kila mahali penye uvimbe kitaona pia jino bovu, goti la uzee na tonsili zilizokwaruzwa na mafua ya wiki iliyopita, na kila doa linaweza kuzaa sindano ya kuchukua kinyama. Mionzi ya PET na CT kwa pamoja ni sawa na miaka michache ya ile tunayoipokea ardhini na angani. Gharama ni kubwa. Yote haya ni kweli, na ndiyo sababu mfuko wa bima ya wazee nchini Marekani uliandika waziwazi mwaka 2008 kwamba hautalipia PET kwa homa na maambukizi, ukaja kuliondoa katazo hilo Januari 2021. Lakini ushahidi wa Nijmegen wenyewe unaonyesha namna ya kupunguza madhara. Kwa wagonjwa ambao vipimo vya damu vya uvimbe, CRP na ESR, vilikuwa vya kawaida, PET haikumsaidia hata mmoja. Vipimo hivyo viwili ni vya bei nafuu, na vinatosha kumweka mgonjwa mbali na mashine ya gharama. Doa huwa mtego pale tu picha inapopigwa kabla mtu hajaulizwa alisafiri wapi, anafuga nini, anakunywa maziwa mabichi au la, na kabla mkono haujapita shingoni na kwapani. Ninawalaumu bila kusita wanaofanya picha kuwa badala ya mazungumzo, na ninaona makosa ya namna hiyo yamechafua jina la kipimo kuliko mionzi yake.

Pingamizi la tatu linatoka kwetu, nalo lina nguvu kuliko yote. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wodini, zaidi ya nusu, asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa malaria. Maabara ilithibitisha malaria kuwa chanzo kwa asilimia 1.6 tu. Kilichokuwapo hasa ni pamoja na ile iliyokuja kuitwa homa ya mgunda, iletwayo na mikojo ya panya na mifugo, homa ya Q, brusela na chikungunya. Nani, basi, anazungumza habari za sukari yenye mionzi, wakati tatizo ni kukosa chupa ya kuotesha damu na kutofikiria zaidi ya malaria? Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Nyingi ya homa hizo hazina mahali. Vijidudu vyake vinazunguka katika damu, na hakuna picha itakayoonyesha anwani ya mgeni asiye na makazi. Kwa wagonjwa wale wa Moshi, swali lililokosewa lilikuwa la nini, na jibu lake ni maabara.

Hata hivyo wapo wanaobaki ungo ukishachekecha, na hapa kwetu wengi wao wana kifua kikuu nje ya mapafu, hasa wanaoishi na VVU. Makohozi yao ni safi au hayapo, eksirei haina la kusema, na homa inaendelea. Hawa homa yao ina mahali. PET ingepaona. Nairobi ina saiklotroni ya kutengeneza dozi, na PET, katika Hospitali ya Aga Khan tangu mwaka 2018, lakini zile dakika 110 zilizokuwa zikiikimbiza ndege ya Brookhaven zingali zinahesabu. Dozi inayotoka Nairobi kwa barabara safari ya saa 9 hufika ikiwa na sehemu moja kati ya 30 ya nguvu yake. Kwa mgonjwa aliye Sumbawanga au Bukavu mashine ile haipo.

Swali lake lakini linaweza kusafiri. Karibu mwaka 2010, Tom Heller na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Hlabisa, wilaya ya vijijini KwaZulu-Natal, walipanga utaratibu wa ultrasaundi unaoitwa FASH, wa kutafuta kifua kikuu kwa mgonjwa wa VVU mwenye homa. Hauhitaji bingwa wa mionzi. Daktari wa wilaya au ofisa tabibu aliyefundishwa huweza kuufanya kitandani, kwa mashine inayobebeka. Hupaka jeli, huweka kichwa cha mashine chini ya kifua kutazama kama moyo umezungukwa na maji, hupita ubavuni kutafuta maji yaliyozunguka mapafu, hushuka tumboni kutazama maji na tezi zilizovimba kando ya mshipa mkuu. Mwisho hurudi upande wa kushoto, hubadilisha kichwa cha mashine na kuchukua kile kinachoona kwa karibu, humwambia mgonjwa avute pumzi na kuishikilia. Wengu mzima huonekana wa kijivu, laini, wa rangi moja. Wengu wenye kifua kikuu una vitundu vyeusi, vingi vikiwa chini ya nusu sentimita, vimetawanyika kama mbegu za papai. Mgonjwa anatoa pumzi, daktari anaifuta jeli kwa karatasi, na dawa za kifua kikuu zinaweza kuanza jioni ileile.